Kipande Kisicholimwa

Watu wa kata yetu walipotaka kusema jambo bila kulisema, walikuja kwangu. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, nikastaafu, na mstaafu asiye na kazi ya mdomo huanza kugombana na kuku. Niliandika barua za posa, risala za harusi, na salamu za rambirambi za kusomwa mbele ya ndugu wasiosalimiana. Ukifika uchaguzi niliandika hotuba. Malipo yalikuwa jogoo, debe la mahindi na heshima. Heshima ndiyo niliyoipenda, nikubali mapema, maana nikilificha hilo mengine yote nitakayosema hayatakuwa na maana.

Mwaka ule diwani wetu alifariki mwezi wa kwanza, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Wagombea wa maana walikuwa wawili. Wa kwanza ni Evaristi, jirani yangu, shamba lake na langu yamepakana. Ana mashine ya kusaga, anaimba besi kwenye kwaya ya parokia, na ni msemaji mbovu kuliko wote niliowahi kuwasikia. Wa pili ni Coleta, mwanamke asiyeolewa, mwenye duka la mbegu na mbolea kwenye njia ya kwenda Sumbawanga mjini. Huyo nilimfundisha mimi, darasa la nne mpaka la saba. Mama yake ni Mfipa wa hapa hapa. Baba yake alikuwa Mwarabu aliyekuja kufungua duka, akafia hapa, akaacha binti mwenye rangi ya chai ya maziwa na akili za kutosha watu watatu. Ndiye aliyehangaika na halmashauri mpaka bomba la maji likafika shuleni. Kumshinda kwa hoja kusingewezekana, na Evaristi alilijua hilo.

"Shikamoo Mwalimu," aliniambia jioni moja, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Naomba uniandikie. Ila sitaki matusi. Mimi ni mwanakwaya."

"Halitakuwamo tusi hata moja," nikamjibu.

Na kweli halikuwamo. Hotuba nzima ilihusu barabara, zahanati na bei ya mahindi, na katikati nikaweka sentensi tatu tu. Ya kwanza: "Mimi sikuletwa na upepo wa ziwa, nimezaliwa kwenye baridi hii." Ya pili: "Diwani huamshwa saa yoyote ya usiku, basi jiulizeni mtagonga mlango wa nani, na asubuhi majirani watasema nini." Ya tatu ndiyo niliyoipenda zaidi, niliifuta na kuiandika mara nne mpaka ikakaa: "Tumchague mtu ambaye tukimtazama, tunajiona." Hakuna mwanamke humo, hakuna Mwarabu, hakuna jina la mtu. Polisi wangeisoma, padre angeisoma, wasingepata pa kushika. Nilijisikia fundi.

Sasa niseme habari za mke wangu. Rozina amezaliwa Kipili, chini huko kwenye Ziwa Tanganyika, na kwao aliitwa Zuwena. Baba yake alikuwa Mwarabu aliyeuza nyavu na mafuta ya taa, mama yake Mfipa wa pwani ile. Nilipangiwa shule ya Kipili nikiwa kijana, nikakaa miaka mitatu, na niliporudi huku juu nilirudi naye. Mwaka wa kwanza alilia kwa baridi. Mama yangu hakumbembeleza. Alimpa jembe na blanketi, akamwambia vyote viwili vitamtia joto. Tumeishi miaka arobaini na moja, na katika miaka hiyo nimesahau kabisa kwamba mke wangu ana rangi. Nilidhani kusahau huko ni upendo.

Tulikuwa na desturi yetu. Kila nilichoandika nilimsomea Rozina jioni akipepeta ulezi. Hakuwa akisema lolote. Sentensi ikiwa nzuri, ungo uliendelea. Sentensi ikiwa mbaya, ungo ulisimama, nami nikarudi mezani nikinung'unika. Hotuba ya Evaristi sikumsomea. Nilijiambia amechoka. Alikuwa hajachoka, alikuwa amekaa mlangoni na ungo wake akinisubiri.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, uwanja wa shule. Wanawake walikaa kwenye nyasi upande wa kushoto, Rozina kati yao, na kanga yake ya kijani begani. Mimi nilisimama kibarazani mwa darasa la sita, midomo yangu ikimfuatisha Evaristi neno kwa neno. Alisoma vibaya kama kawaida yake, lakini sentensi nzuri huvumilia msomaji mbaya. Kwenye upepo wa ziwa watu waliguna. Kwenye mlango wa usiku wakacheka, wanawake nao wakacheka. Alipofika "tukimtazama, tunajiona," makofi yalilipuka kabla hajamaliza. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

"Karibu chakula, Mwalimu," Rozina akasema.

Mke wangu haniiti Mwalimu. Tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe ananiita Baba Flavian, hata akiwa na hasira. Nikala ugali wangu. Kesho yake nikawa Mwalimu, na kesho kutwa vilevile. Chai ilikuja kwa wakati, maji ya kuoga yalichemshwa, na kila kitu nilipewa kwa adabu kama mgeni aliyetoka wilayani.

Siku ya nne nilimsikia akizungumza na Flavian kwa simu nyuma ya jiko. Kijana wetu anafanya kazi Mpanda. Sikukusudia kusikiliza, ila mlango wa jiko letu una nafasi chini yake.

"Hapana, siumwi," alikuwa akisema. "Nakuambia tu uweke akilini. Siku yangu ikifika mnipeleke Kipili, kwa baba. Kule jina langu la kwanza bado wanalijua."

Niliondoka pale mlangoni kabla hajamaliza. Ili ujue kwa nini, lazima nikuonyeshe shamba letu.

Sisi Wafipa hulima kwa matuta ya mviringo tunayoyaita intumba. Mvua zikikaribia kwisha tunageuza udongo pamoja na majani yake, majani yakalala chini, udongo ukayafunika. Tuta linakaa hivyo kiangazi chote, juu tunapanda maharage, ndani majani yanaoza na kuwa mbolea. Mvua zikirudi tunalivunja, tunasawazisha, tunapanda ulezi. Kwenye kona ya juu ya shamba letu amelala binti yetu Kristiana, aliyefariki kwa surua akiwa na miaka sita. Kando ya kaburi lake kuna kipande cha nyasi, upana wa vitanda viwili, ambacho hakijawahi kuguswa na jembe. Rozina ndiye aliyekipima, siku ya arobaini ya mtoto. Alilala chini palepale kwenye nyasi, akaniambia nilale kando yake, halafu akaweka jiwe pale miguu yetu ilipoishia. Upande wa Kristiana ulikuwa wake, wa nje wangu. "Asikae peke yake," alisema. Kila mwaka wakulima wanaotusaidia hufika pale na kuruka, hawahitaji kuambiwa.

Nilimfuata jikoni.

"Mama Flavian, nimekosa nini?"

Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Coleta hakuwepo pale uwanjani," akasema. "Ulilijua hilo? Alikuwa na mkutano wake upande wa pili. Kwa hiyo Evaristi aliposema tumtafute mtu ambaye tukimtazama tunajiona, watu walitafuta wa kumtazama. Waligeuka wakanitazama mimi. Jovina, ambaye nimemzalisha watoto wawili kwa mikono hii, aligeuka. Si kwa ubaya. Walikuwa kama wanahakikisha."

"Mimi sikukufikiria wewe hata kidogo."

"Najua. Ungenifikiria ungenisomea."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwomba radhi. Nilisema nimekosea, nilisema ni maneno ya siasa, nilisema kwangu yeye hana rangi wala kwao isipokuwa hapa. Nilisema mengi, ni kazi yangu. Aliniacha nimalize, akasuuza kisu.

"Ulinisema kwenye kipaza sauti, Mwalimu," akasema. "Unaniomba radhi jikoni."

Usiku huo alilala ameelekea ukutani. Nilitamani kumgusa bega nikaogopa, mimi niliyelala kando yake miaka arobaini na moja.

Mtu mwoga hutafuta msamaha pale unapopatikana kwa bei nafuu. Kesho yake nilienda dukani kwa Coleta. Alikuwa akimpimia mtu mbegu za maharage. Alinisalimia shikamoo, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua ni sentensi yako," akaniambia. "Ulitufundisha mwenyewe darasa la sita, kwamba sentensi nzuri humwachia msomaji kazi kidogo. Mimi nimeshazoea, Mwalimu. Tangu shule ya msingi najua wakati watu wananisema bila kunitaja. Mama Flavian hakuzoea, kwa sababu nyumbani kwako alidhani ameshafika." Akafunga mfuko wa mbegu kwa kamba. "Nenda nyumbani. Kwangu umekuja kupumzika tu."

Nilikasirika njia nzima, kama anavyokasirika mtu aliyeambiwa ukweli na mwanafunzi wake.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya intumba. Huku kwetu watu hualikana: leo kwangu, wiki ijayo kwako, na mwenye shamba hupika pombe ya ulezi. Walikuja watu ishirini na wawili. Evaristi alikuja na jembe lake, kwa kuwa jirani hawezi kukosa, kampeni au si kampeni. Jovina alikuja. Walijipanga safu moja kutoka mtoni kupanda juu, wakaanza kugeuza udongo. Kabla ya jembe la kwanza kushuka, Rozina alipita mbele yao.

"Mwaka huu msiache kitu pale juu," akasema. "Limeni mpaka kwenye kaburi la mtoto. Ardhi nzuri ile, inakaa bure."

Watu wakanitazama. Nikatazama udongo. Hakuna aliyeuliza, maana shamba la mtu halina maswali, lakini wimbo walioanza nao ulikufa katikati.

Niwaambie kitu kuhusu safu ya majembe ishirini na mawili: inakwenda haraka. Saa tatu walikuwa nusu ya shamba. Saa nne niliweza kuliona jiwe la miguu yetu kwenye nyasi, na safu iko hatua hamsini chini yake. Desturi ni kwamba mwenye shamba huzungumza mara moja tu, wakati wa pombe, kazi ikiwa imekwisha. Hata baba yangu hakuwahi kusimamisha majembe. Nilijiambia nitasema wakati wa pombe. Nitasema vizuri, nimeshaanza kupanga maneno kichwani. Hatua arobaini. Rozina alikuwa mwisho wa safu, upande wa kaburi, akilima kama mtu mwenye miaka thelathini. Hatua thelathini. Nikaona kwamba wakati wa pombe kile kipande kitakuwa kimekwisha kulimwa, na maneno yangu mazuri nitamsomea tuta.

Nikatembea nikasimama mbele ya safu.

"Simameni," nikasema.

Majembe yakasimama moja moja. Mtu mmoja akaniuliza kama naumwa.

"Jumapili mliyasikia maneno ya Evaristi. Yale maneno ni yangu, yeye alisoma tu. Nataka niwasomee tena, safari hii nikiwaambia nilichomaanisha." Sikuwa na karatasi. "Niliposema upepo wa ziwa, nilimaanisha Coleta ni mtoto wa Mwarabu, si mwenzetu. Niliposema mlango wa usiku, nilimaanisha mwanamke asiye na mume akigongewa mlango usiku ni malaya. Niliposema tumchague mtu ambaye tukimtazama tunajiona, nilimaanisha ngozi. Ngozi tu. Barabara na zahanati niliziweka ili zifunike."

Uso wa Evaristi ulikuwa umepauka. "Mwalimu, umeniua," akasema taratibu.

"Sisi hatukuyaelewa hivyo," akasema mzee mmoja kutoka katikati.

"Mlielewa," nikamjibu. "Mlipiga makofi Evaristi hajafika kwenye nukta. Nimefundisha miaka thelathini na minne, namjua mtoto aliyeelewa." "Mke wangu ni mtoto wa Mwarabu wa Kipili. Mnajua. Mtoto wangu aliyelala pale juu ni mjukuu wa Mwarabu. Nimeandika maneno ya kumtoa mke wangu kwenye udongo alioulima miaka arobaini na moja, na niliyaandika nikiwa na furaha. Nawaomba radhi nyote. Yeye namwomba radhi mbele yenu, kwa kuwa mbele yenu ndipo nilipomtukana."

Halafu Jovina akaegemea jembe lake.

"Mimi niligeuka," akasema. "Mama Flavian, niligeuka nikakutazama. Sijui kwa nini niligeuka." Akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Rozina aliinua jembe akalishusha, na safu yote ikamfuata. Evaristi naye akaendelea, maana huwezi kuondoka kwenye shamba la mtu kabla ya pombe, ila alikuwa akipiga udongo kama mtu anayeua nyoka. Nilirudi mahali pangu na jembe langu. Sikujua kama nimefaulu au nimejiaibisha bure. Hatua kumi. Hatua tano. Majembe yote yakafika kwenye nyasi, na yote yakasita.

"Hapa niachieni mimi," Rozina akasema.

Akaingia kwenye kipande kile. Alipita upande wa Kristiana bila kuugusa, akaenda upande wa nje, upande wangu, akaanza kulima. Tulisimama tukimtazama. Aligeuza nyasi, akazifukia, akajenga tuta moja kubwa la mviringo mahali palepale ambapo zamani niliulaza mgongo wangu. Akalipiga kwa mgongo wa jembe likatulia. Halafu akajifuta uso kwa kanga.

"Wangu unabaki," akasema. "Nyasi za mtoto msiziguse."

"Na mimi?" nikauliza. Watu ishirini na wawili walinisikia nikiuliza.

"Wewe nitakupandia maharage," akasema.

Mtu mmoja alicheka, halafu wote, na Jovina aliyekuwa bado analia akacheka pia. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, nikaenda kuonja pombe kabla ya wageni, jambo ambalo pia si desturi.

Evaristi alishinda udiwani kwa kura sitini na moja. Maneno yalikwisha fika, na neno ukishalitoa hulipigii simu lirudi. Tangu siku ile hanisalimii shikamoo, ananisalimia habari za asubuhi, nami naitika nzuri. Coleta anauza mbegu. Mama mmoja aliyekuwa shambani kwetu siku ile alinunua kwake mfuko wa mbolea, akamwambia alimpigia kura, na Coleta akaniambia hilo bila kuongeza kitu. Mimi hotuba siandiki tena. Risala za harusi bado, na ninazisoma zote kwa sauti, mtu asipokuwepo nawasomea kuku.

Maharage ya tuta lile yalistawi kuliko yote shambani. Tuliyala mwezi wa sita. Rozina alinipakulia bakuli lililojaa, akasema, "Kula, ni ya kwako," nami nikalimaliza. Bado niliitwa Mwalimu.

Mvua za kwanza zilirudi mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Asubuhi tulikwenda shambani wawili tu kuvunja intumba. Tulianzia mtoni, yeye mstari wake, mimi wangu, tukisawazisha udongo uliokuwa umeiva na kuwa mweusi. Tulipofika juu nilisimama mbele ya tuta langu. Sikuthubutu kulivunja. Nilipita pembeni nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Rozina alikuwa ameinama kwenye kaburi la Kristiana, aking'oa magugu. Aliongea bila kugeuka.

"Baba Flavian," akasema, "lisawazishe hilo. Na usipande kitu."